Kifaa cha Kurudisha Nguvu za Kiume: Kilitoka Wapi na Kinafanya Nini

Mada ya leo si ya kusikilizwa na watoto. Kama una mtoto karibu, mtume dukani kwanza, halafu urudi tuzungumze.

Mada hii mmeileta ninyi wenyewe. Mmesikia kwamba mwanamume aliyeishiwa nguvu kwa sababu ya kisukari, au baada ya operesheni ya tezi, anaweza kuwekewa kifaa ndani ya uume na akaweza tena tendo la ndoa. Katika vikundi vyenu mmeniuliza: Je, huyo mtu atakuwa na hamu? Atadumu, au atamaliza haraka? Na mimi mkewe nitahisi nini? Wengine mmecheka, lakini nimeona kwamba anayecheka sana ndiye hubaki nyuma wakati wengine wameenda, aniulize polepole.

Labda utasema, hii ni habari ya wanaume, mbona muuguzi anatuambia sisi? Nitakujibu. Hospitali ya Pumwani ilianzishwa mwaka wa 1926 kwa ajili ya mama wanaojifungua. Tangu hapo, zahanati zetu za mitaani zimejengwa zikimfikiria mama na mtoto. Hata neno lenyewe "kliniki", tukisema "ameenda kliniki", kila mtu anafikiria mama mjamzito au mtoto wa kupimwa uzani. Wakati huohuo wanaume waliletwa Nairobi kufanya kazi, wakapewa chumba cha kulala Muthurwa, Ziwani au Shauri Moyo, na hakuna aliyewauliza habari za miili yao ila kama wana nguvu za kubeba mizigo. Matokeo yake tunayaona hadi leo. Baba hana benchi lake pale zahanati. Akiwa na shida ya chumbani, anayejua kwanza ni mkewe, na mara nyingi ni mkewe peke yake. Wewe ndiye unayeweka kadi yake ya sukari kwenye droo, na ni wewe unayeanza kushuku kwamba ana mwingine nje.

Kwanza tuelewe mwili. Ndani ya uume kuna mirija miwili iliyolala sambamba, yenye nyama laini kama sponji. Mwanamume akipata hamu, ubongo hutuma habari kupitia mishipa ya fahamu, mishipa ya damu hufunguka, damu huingia katika ile sponji na kufungiwa humo. Hapo uume husimama. Kwa hiyo panahitajika mambo manne: hamu, mishipa ya fahamu, mishipa ya damu, na sponji yenyewe. Kisukari huharibu mishipa ya fahamu na ya damu pia. Shinikizo la damu na sigara huharibu mishipa ya damu. Operesheni ya saratani ya tezi yaweza kugusa mishipa ya fahamu inayopita kando yake. Ajali ya bodaboda inayovunja mfupa wa nyonga yaweza kukata hiyo mishipa kabisa. Utaona kwamba katika hao wote hamu inaweza kuwa bado iko palepale. Mtu anataka, lakini mwili haumtii. Ndiyo maana nasikia uchungu sana ninaposikia mwanamume wa namna hii akiitwa hanithi, neno ambalo kwa Kiswahili limekuwa tusi kabla ya kuwa jina la ugonjwa.

Sasa twende kwenye historia. Tangu zamani watu wamelipa pesa nyingi kutafuta dawa ya jambo hili, na matapeli wamekula pesa hizo. Kuna mmoja ambaye sisi watu wa redio inafaa tumjue. Aliitwa John Brinkley, wa mji mdogo wa Milford, jimbo la Kansas, Marekani. Kuanzia mwaka wa 1918 alikuwa akichukua vipande vya korodani za beberu na kuvishona ndani ya korodani za wanaume, akiwatoza dola 750 kila mmoja, pesa nyingi ajabu kwa wakati huo. Korodani ya mbuzi haiwezi kuota ndani ya mtu. Mwili huikataa, ikaoza au ikayeyuka. Wengine waliugua vibaya na wengine wakafa. Lakini mwaka wa 1923 Brinkley alifungua kituo chake cha redio, akawa anazungumza na wasikilizaji kila siku, anasoma barua zao na kuwaandikia dawa hewani bila kuwapima. Redio ndiyo iliyomtajirisha. Mwaka wa 1930 alinyang'anywa leseni ya udaktari na ya redio pia, akahamia mpakani mwa Mexico akaendelea kutangaza kutoka ng'ambo. Alikufa mwaka wa 1942 akiwa amefilisika. Basi ukisikia mtu kwenye redio yoyote akikuuzia dawa ya nguvu za kiume bila kukuona, mkumbuke yule wa mbuzi.

Wakati Brinkley anahangaika na mabeberu, madaktari wa upasuaji nao walikuwa wanawaza jambo jingine. Walikuwa wanauliza: kama sponji haijai damu, je, tunaweza kuweka kitu kigumu ndani yake? Mwaka wa 1936 daktari wa Urusi, Nikolai Bogoraz, aliandika jinsi alivyotengeneza uume upya kwa kutumia ngozi ya mgonjwa, akatia ndani kipande cha ubavu, ule mfupa laini unaojipinda. Bogoraz mwenyewe alikuwa amepoteza miguu yote miwili katika ajali ya tramu na bado alirudi kazini kupasua watu, kwa hiyo nadhani alijua maana ya kupungukiwa kiungo. Njia yake ilisaidia kwa muda, lakini mwili huumeza huo mfupa laini pole pole, ukaisha au ukapinda.

Katika miaka ya 1950 wakajaribu vijiti vya plastiki ngumu. Waliviweka chini ya ngozi, nje ya ile mirija miwili, na hilo ndilo lililokuwa kosa. Kijiti kilikuwa kikisukuma na kukwaruza hadi kinatoboa ngozi na kutoka nje. Fikiria maumivu hayo.

Hatua iliyobadilisha mambo ilitoka hapa Afrika. Daktari Gamal Beheri, wa Misri, aliona kwamba mahali pa kijiti ni ndani ya mirija yenyewe, kimoja kulia na kimoja kushoto, palepale damu ilipokuwa ikijaa. Mwaka wa 1966 alichapisha habari za wanaume zaidi ya 700 aliowafanyia hivyo. Vijiti vyake vilikuwa vya plastiki ya kawaida, na uume ulibaki mgumu wakati wote, jambo ambalo si raha kwa mtu anayepanda matatu iliyojaa. Lakini mahali alipopachagua ndipo panapotumika duniani kote mpaka leo. Nimeona vitabu vingi vikilipita jina lake haraka haraka kwenda kwa Wamarekani. Mimi sitalipita.

Baadaye ikaja silikoni, mpira laini ambao mwili hauukatai kwa urahisi. Mwaka wa 1973 daktari Brantley Scott wa Houston, Marekani, pamoja na wenzake William Bradley na Gerald Timm, walitangaza kifaa cha kujazwa maji. Hiki ndicho kinachoulizwa sana. Kina sehemu tatu. Kuna mirija miwili ya silikoni ndani ya uume. Kuna kifuko cha maji ya chumvi, kama yale ya dripu, kilichofichwa tumboni karibu na kibofu. Na kuna pampu ndogo ndani ya mfuko wa korodani. Mwanamume akitaka, anaiminya pampu mara kadhaa kwa vidole, maji yanatoka kwenye kifuko na kujaza mirija, uume unasimama. Wakimaliza, anabonyeza sehemu ya kuachilia, maji yanarudi, uume unalala. Hakuna waya, hakuna betri, hakuna kitu kinachoonekana nje. Mwaka wa 1975 madaktari wengine wawili wa Miami, Michael Small na Hernan Carrion, walichapisha habari za aina nyingine isiyo na maji, vijiti vya silikoni ambavyo havilegei. Siku hizi vijiti hutengenezwa vikaweza kupindwa kwa mkono, chini au juu. Aina hii ni rahisi zaidi na bei yake ni nafuu kidogo, nayo humfaa mtu ambaye vidole vyake vina ganzi au havina nguvu ya kuminya pampu.

Vifaa vya mwanzo vilivuja na kuharibika mara nyingi, wagonjwa wakarudishwa thieta tena na tena. Siku hizi vingi hudumu miaka 10 na zaidi. Adui mkubwa alikuwa viini vya maradhi. Kifaa kikipata viini, dawa peke yake haiwezi kuvimaliza, na mara nyingi lazima kitolewe. Mwaka wa 2001 kampuni moja ilianza kukipaka dawa kabla ya kukiweka, na moja ya dawa hizo ni rifampisini. Mmeitambua? Ni ileile ya kifua kikuu, inayofanya mkojo wa mgonjwa kuwa mwekundu. Tangu hapo maambukizi yamepungua sana. Lakini mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa bado yuko katika hatari zaidi kuliko wengine, na daktari mwangalifu atamwambia ateremshe sukari kwanza ndipo apangiwe operesheni.

Mama, msichanganye kifaa hiki na kile cha kupanga uzazi kinachowekwa mkononi. Kile hutoa dawa mwilini. Hiki hakitoi dawa yoyote. Hakizuii mimba wala hakizuii virusi vya Ukimwi. Kama bado unapata hedhi na hutaki mimba, endelea na njia yako ya kupanga. Kama mlikuwa mnatumia kondomu, endeleeni kuitumia.

Sasa nijibu maswali yenu moja kwa moja.

Je, kifaa kinaleta hamu? Hapana. Hamu inatoka kichwani, na homoni za kiume zinazotengenezwa na korodani huichochea. Kifaa hakigusi kimoja wala kingine. Mwanamume ambaye alikuwa na hamu kabla ya operesheni atakuwa nayo baadaye, na mara nyingi huongezeka kwa sababu hofu ya kuaibika imeondoka. Lakini yule ambaye hamu ilikuwa imekwisha kwa sababu ya huzuni, pombe, ugomvi wa nyumbani au homoni kupungua, kifaa kitamsimamisha tu bila kumpa hamu. Atakuwa kama jiko lililo na makaa lakini halijawashwa. Huyu anafaa achunguzwe hilo kwanza.

Je, atahisi raha? Ndiyo. Mishipa ya kuhisi iko kwenye ngozi na kwenye kichwa cha uume, na mirija ya kifaa iko ndani kabisa. Kama alikuwa akihisi kabla, atahisi baada ya kupona, ingawa wengine huchukua miezi kadhaa kabla hisia hazijawa za kawaida. Atafika kileleni na atatoa mbegu kama alivyokuwa akitoa. Aliyetolewa tezi yote kwa sababu ya saratani hatoi mbegu, lakini hiyo ni kazi ya ile operesheni ya kwanza. Hata huyo hufika kileleni, ila inakuwa kavu.

Jambo moja watu hawaambiwi mapema. Kifaa hukaza mwili wa uume, bali kichwa cha uume hakina mrija wa kifaa. Kinaweza kubaki laini na baridi kidogo. Kinachokijaza ni ile damu inayokuja kwa hamu ya kweli. Kwa hiyo kushikana, kubusiana na kuzungumza bado kuna kazi kubwa, hata kama pampu iko tayari. Pia wengi huona uume umepungua urefu ukilinganisha na zamani za ujana wao. Hiyo ni kweli kwa wengi, na mara nyingi ulikuwa umeshaanza kupungua kwa sababu ya miaka ya kutosimama. Anayetafuta kurefushwa asije hapa, kwa sababu operesheni hii haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Je, atadumu? Hapa ndipo mnapocheka. Saa ya kufika kileleni haibadilishwi na kifaa. Aliyekuwa akimaliza haraka ataendelea kumaliza haraka. Tofauti ni kwamba uume hautalala hata baada ya yeye kumaliza, mpaka aachilie maji mwenyewe. Kwa hiyo tendo linaweza kuendelea mpaka mke naye aridhike, na wanawake wengi ambao waume zao wamewekewa wanasema hili ndilo lililowapendeza. Lakini pumzi, moyo, mgongo na magoti ni yaleyale aliyokuwa nayo. Mzee wa miaka 65 mwenye shinikizo la damu hajageuka kijana wa miaka 20. Kama hawezi kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kushika kifua, aende akapimwe moyo kabla ya kufikiria mambo haya.

Na wewe, mama? Utafiti mwingi uliofanywa nchi mbalimbali unaonyesha wake wengi wanaridhika. Ndani ya uke hutaweza kutofautisha. Tatizo ni jingine, na sisikii madaktari wakilisema. Yeye anaweza kuwa tayari kwa dakika moja. Wewe huwezi. Kama mmekaa miaka 4 bila tendo la ndoa, na katika miaka hiyo hedhi yako imekatika, uke utakuwa mkavu na mwembamba, na utaumia. Ana haki ya kufurahia pampu yake, lakini hana haki ya kukuharakisha. Mwambie. Nunueni mafuta maalum ya kulainisha yanayotengenezwa kwa maji, yanapatikana kwenye duka la dawa. Ukiendelea kuumia au kutoka damu, njoo tukuangalie. Katika kuamua operesheni hii mke anatakiwa awe ndani ya chumba cha daktari, si kuletewa habari akiwa nyumbani wakati kidonda kinapona.

Baada ya operesheni, wanandoa hungoja takriban wiki 6. Wiki za mwanzo kuna uvimbe na maumivu. Baadaye hurudi kwa daktari kufundishwa kuminya pampu, na mke anaweza kujifunza pia. Homa, uwekundu, usaha, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua ni dalili ya kurudi hospitalini siku hiyohiyo.

Na hili lishikeni sana: hakuna kurudi nyuma. Kifaa kinapowekwa, ile sponji hubanwa na kuharibiwa. Kikitolewa kesho, uume hautasimama wenyewe tena, na vidonge pia havitasaidia. Ndiyo maana madaktari hukiweka mwisho, baada ya njia nyingine kushindwa.

Njia hizo nyingine nazo zina historia fupi. Mpaka miaka ya 1970 madaktari wengi walifundishwa kwamba karibu kila mwanamume asiye na nguvu ana tatizo la akili. Wakamwambia aende apumzike. Mwaka wa 1983 profesa mmoja Mwingereza, Giles Brindley, alisimama mbele ya mkutano wa madaktari mjini Las Vegas akiwa amejidunga dawa ya kufungua mishipa ya damu. Kisha akateremsha suruali ukumbini waone wenyewe. Hakuwa na hamu yoyote, alikuwa anatoa mhadhara, lakini ulikuwa umesimama. Simshauri mtu amuige. Lakini tangu siku hiyo ilikuwa vigumu kwa daktari kusema kwamba mambo yote yako kichwani. Mwaka wa 1998 Marekani iliidhinisha Viagra, dawa ambayo mwanzoni ilikuwa ikijaribiwa kwa maumivu ya moyo. Haimlazimishi mtu, kwa maana bila hamu haifanyi kazi. Baada ya haki za mtengenezaji wa kwanza kuisha, bei ilishuka na viwanda vingi vikaanza kutengeneza dawa hiyohiyo kwa majina mengine.

Kushuka kwa bei kumeleta mambo yake mitaani kwetu. Vidonge vinauzwa kimojakimoja bila cheti cha daktari, vijana wazima wa miaka 22 wanavimeza kwa ajili ya kujionyesha. Mwanamume anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, zile za kuweka chini ya ulimi, akichanganya na hizi, shinikizo lake linaweza kuanguka ghafla na akafa. Baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi pia hugongana nazo. Mwuzaji wa kibandani hatauliza maswali hayo. Mukombero, ule mzizi unaotafunwa na kuuzwa stendi za matatu, sina ugomvi nao. Watu wa Magharibi wameutafuna tangu zamani, na huko Kamerun wataalamu wameujaribu kwa panya wa maabara. Lakini panya si baba watoto wako, wala mukombero hautengenezi mshipa ulioharibiwa na sukari. Ninachogombana nacho ni ule unga usio na jina, na yale matangazo ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima. Nchi nyingi zimepima unga wa namna hiyo unaoitwa wa miti shamba zikakuta umechanganywa na dawa ileile ya Viagra, kwa kipimo kisichojulikana.

Uchunguzi mkubwa uliofanywa huko Massachusetts, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 1994, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanaume wa umri wa miaka 40 hadi 70 walikuwa na upungufu wa kiasi fulani. Kwa hiyo mume wako hayuko peke yake, na huenda jirani anayejigamba naye yumo. Tena madaktari wa moyo wameona kwamba mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huziba kwanza. Mwanamume ambaye jogoo wake ameacha kuwika anaweza kupata ugonjwa wa moyo miaka michache baadaye. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 hapa Kenya ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne ana shinikizo la juu la damu, na wengi wao walikuwa hawajui. Badala ya kumtafutia mwingine wake wa siri, mpeleke kwanza apimwe shinikizo na sukari. Kipimo cha shinikizo ni cha dakika chache.

Nimebakisha jambo ambalo ni lenu kabisa, ninyi wenye watoto wavulana. Kuna ugonjwa wa selimundu, wengi wenu mnauita siko seli. Familia zenye asili ya kando ya Ziwa Victoria, Magharibi na Pwani zinaujua vizuri. Mwaka wa 1949 kijana aliyelelewa hapa Kenya, Anthony Allison, alipima damu ya watu wa sehemu mbalimbali za nchi, akaona kwamba chembe hizi zimeenea sana Pwani na kando ya ziwa lakini ni nadra sehemu za milimani. Mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa kiasi dhidi ya malaria. Aliyeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua.

Mvulana mwenye selimundu anaweza kupata shida ya uume kusimama na kukataa kulala, bila hamu yoyote, kwa maumivu makali. Chembe zilizopinda huziba ndani ya ile sponji, damu inakwama. Yaweza kumpata mtoto mdogo ambaye hata hajabalehe, na mara nyingi huanza usiku au alfajiri. Mtoto huona haya, anajifunika blanketi. Mama naye akiona, hudhani ana tabia mbaya, pengine anamchapa. Masaa yanapita. Sponji ikikosa hewa kwa muda mrefu inakufa na kuwa kovu, na yule mtoto anakua mwanamume asiyeweza kusimama maisha yake yote. Miongoni mwa wanaume vijana wanaohitaji kifaa hiki tulichozungumzia leo, wamo wa namna hiyo, na kwao operesheni ni ngumu zaidi kwa sababu ya lile kovu.

Mwambie mwanao mapema, kwa maneno ya kawaida, kwamba jambo hili ni sehemu ya ugonjwa wake na aje akuamshe hata usiku wa manane. Likianza, mpe maji mengi anywe, aende kukojoa, atembee polepole, aoge maji ya uvuguvugu, mpe dawa yake ya maumivu. Usiweke barafu, kwa sababu baridi huzidisha kuziba. Likipungua lenyewe, liandike na uliseme kliniki, hasa kama linajirudia, kwa sababu kuna dawa za kupunguza, na haidroksiyurea ni mojawapo ya dawa ambazo daktari wake anaweza kuzungumza nawe juu yake. Lisipopungua, usingoje kupambazuke wala usingoje baba yake arudi. Likikaribia masaa manne ni dharura, mpeleke hospitali yenye daktari wa upasuaji, na ukifika mlangoni sema waziwazi kwamba mtoto ana selimundu na uume haulali, wasikuweke kwenye foleni ya homa. Huko wataitoa damu iliyokwama kwa sindano na kumpa dawa. Kama yuko shule ya bweni, mwambie matroni au mwalimu anayelinda bweni kabla muhula haujaanza. Masaa manne yanahesabiwa tangu mtoto alipoamka na maumivu, si tangu mlipopata gari.